Kabla Elki Hawajavuka Shingo

Halden, Montana
2 Machi 1986

Kwako Shangazi Ardis,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha mgongo wa Baba, ambao tangu lile gogo limteleze kiwandani umekuwa kama mlango mbovu: ukifunguka haufungi, ukifunga haufunguki. Anakusalimu. Hakusema nikusalimie, ila nilipomwambia nakuandikia aliguna, na wewe unajua kuguna kwa kaka yako ni hotuba nzima. Theluji imefika dirishani. Nyumba yako naiangalia, mabomba hayajapasuka, panya ni mmoja tu na huyo tumeshamalizana. Marlys na watoto wake hawajambo? Ni kweli huko Arizona watu wanaota jua mwezi wa tatu, au ni uongo wa wauza kadi za posta?

Haya, jambo lenyewe. Vuli hii naenda kwenye bonde letu la Stoo kuwinda elki, wale kulungu wakubwa kama farasi, na wewe unakuja na mimi.

Usianze kutikisa kichwa. Najua tangu marehemu mumeo Orrin atutoke hujashika bunduki. Lakini friza yetu ina barafu na pakiti moja ya njegere, na Baba mlima hauwezi. Nimebaki mimi, kijana wa miaka kumi na tisa, nguvu kama trekta, macho kama mwewe, mpigaji hodari kuliko wote waliowahi kufukuzwa shule hapa Halden. Utasema mbona sijawahi kuangusha elki hata mmoja. Shangazi, wale wa miaka ya nyuma niliwaacha makusudi wanenepe.

Sasa sikiliza. Wewe siku hizi ni mtu wa Arizona, kwa hiyo kwa sheria za hapa ni mgeni, na mgeni haingii dukani akatoka na kibali kama mimi. Anaomba, jina linatiwa kwenye bahati nasibu, na mwisho wa kuomba ni katikati ya mwezi huu. Omba leo. Mimi Stoo naijua, ila najua njia ya chini tu. Ile ya nyuma mlipita wewe na Orrin. Halafu kuna huyu nyumbu wako wa mizigo, Askofu. Ananiheshimu sana, lakini nadhani angefurahi kukuona.

Mtoto wa kaka yako asiyekubali kukataliwa,
Rollie

*

Tucson, Arizona
6 Aprili 1986

Mwanangu Rollie,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, ni mimi niliyeikalia. Huku wote wazima. Marlys anafanya kazi zamu mbili, wajukuu wananifundisha Kihispania cha kutukania, maana ndicho wanachokijua vizuri. Mwambie kaka yangu Gunnar alale juu ya ubao, si juu ya lile godoro lenye shimo. Na mwambie nimemsikia alivyoguna.

Kuhusu kibali: siku ya mwisho imeshapita. Stoo ilikuwa ya watu wawili, Rollie, na mmoja hayupo. Sina la kuongeza hapo, na usinibembeleze.

Ila friza haijazwi na maneno, kwa hiyo nitakuambia la kufanya. Acha kupiga shabaha ukiwa umelaza bunduki mezani na soda pembeni. Panda kile kilima cha nyuma ya kiwanda mbio, kisha piga ukiwa huna pumzi. Elki hatakungoja upoe. La pili ni upepo. Alfajiri hewa ya baridi inateremka bondeni, jua likishika mlima inageuka na kupanda. Ukisahau hilo, utakuwa umeamka usiku kwenda kuwanusisha elki soksi zako.

La tatu ni mdomo. Ile ni ardhi ya umma. Siku ya kufunguliwa msimu, mtu yeyote mwenye kibali anaweza kukaa juu ya jiwe lolote alipendalo. Hatuna uzio kule, hatuna hati. Tunaita Stoo kwa sababu jina lililo kwenye ramani halitoki mdomoni mwa mtu wa nyumba yetu, halijatoka tangu enzi za baba yangu. Tulichonacho ni kunyamaza basi.

Hivi tandiko langu liko wapi? Naulizia tu. Panya wanapenda ngozi. Lipake mafuta. Na Askofu, akifika kwenye kijito bado anagoma?

Wako,
Shangazi Ardis

*

Halden
15 Juni 1986

Shangazi,

Shikamoo tena, na hongera kwa Kihispania. Baba analala juu ya ubao. Wiki ya kwanza alikutukana, ya pili akanyamaza, sasa anajifanya lilikuwa wazo lake. Mto umejaa, mbu wamerudi wakubwa kama shomoro, na mimi nimepandishwa cheo: zamani nilipanga mbao, sasa napanga mbao nikiwa na mtu wa kumfokea.

Kilima nakimbia kila jioni nikitoka kazini. Siku ya kwanza nilifika juu nikatapika, kisha nikalenga kopo nikapiga anga. Sasa natapika mara chache, na makopo yote ya Halden yananiogopa.

Tandiko lako nimelipaka mafuta mpaka linateleza lenyewe. Askofu tumeelewana: yeye hapiti kijitoni, na mimi simlazimishi. Jumamosi nilimvuta, nikamsukuma, nikamwimbia, nikampa tufaha. Akala tufaha, kisha akala kofia yangu, kisha akarudi nyumbani akaniacha ng'ambo. Lakini ni mnyama mwenye akili.

Shangazi, nikuulize kitu, mfano tu. Tuseme watu wawili watatu wangejua kuhusu Stoo. Siyo kwamba wanajua. Nasema tuseme. Elki wangehama kabisa, au wangesogea kidogo tu?

Naitwa mezani. Wasalimie wote.

Rollie

*

Tucson
20 Julai 1986

Rollie,

Sisi wazima. Joto la huku linapika yai kibarazani.

Lorna ameniandikia. Ulidhani nimekaa naye darasa moja miaka yote ile bure? Anasema mwezi wa tano ulikuwa mkahawani kwake, unakula chapati za maji na shira, na Delmar Stroud akasema milima yetu haina tena elki, na kwamba ukoo wetu sasa unawinda kwenye maduka ya nyama. Anasema ungeweza kumalizia chakula chako ukaenda zako. Badala yake ulichukua chupa ya shira ukachora mezani: mto, barabara, geti la mwisho, bonde. Ukataja jina la ramani kwa sauti, na kwa msisitizo ukaweka kipande cha soseji pale elki wanapolala. Lorna alikimbia na kitambaa, akakuta watu wamesimama nyuma yako kama wanaotazama mpira.

Watu wawili watatu. Delmar ameshanunua farasi na hema jipya.

Nilikuwa na hasira hivi kwamba nilianza barua hii mara nne na zote nikazichana. Leo asubuhi nimepanda kilima cha nyuma ya nyumba ya Marlys na gunia la chakula cha mbwa mgongoni, na nilipofika juu nikaona hasira nimeiacha chini. Nitafikiri. Usimwendee Delmar, usigombane naye, usimtishe. Ardhi ile ni yake kama ilivyo yako. Yule hajaiba. Umempa.

Vipi mgongo wa baba yako?

Ardis

*

Halden
10 Agosti 1986

Shangazi Ardis,

Shikamoo. Mgongo wa Baba ni nafuu, anaendesha gari, kuinua mzigo bado. Nyanya zako zimezaa, nimempelekea Lorna debe moja, akapokea bila kunitazama usoni.

Ni kweli. Yote. Hata ile soseji.

Nilitaka kukuambia, nikawa naona kalamu nzito. Sijui nikoje. Mtu akisema siwezi, mdomo unatoka mbio mimi nikibaki nyuma naukimbilia. Delmar anasema ataingia Stoo na jamaa zake wote, na wengine wanamfuata yeye, maana waliiona ile ramani ya shira. Siku ya kufungua pale getini patakuwa kama mnada wa ng'ombe. Baba hajanisema hata neno moja. Anapita tu kwenye friza, anaweka mkono juu ya kifuniko, anaondoka. Bora angenichapa.

Kwa hiyo nafikiri mwaka huu nisiende. Nitatafuta zamu za ziada, tutanunua nyama kama alivyosema yule bwege.

Lakini nikuulize kitu kingine, na hiki si mfano. Kwa nini unabeba chakula cha mbwa mlimani? Marlys hana mbwa.

Rollie

*

Tucson
31 Agosti 1986

Mwanangu Rollie,

Nafurahi kuwa kaka yangu anaendesha gari. Mwambie asipite tena kwenye friza, ananiumiza roho mpaka huku.

Sasa kaa chini usome hili ukiwa umefunga redio.

Hao watu wote wa Delmar wataingia kwa njia ya chini, kwa sababu ndiyo uliyowachorea. Wataondoka getini gizani, na tochi na farasi na maneno, na hewa ya alfajiri inateremka. Kwa hiyo bondeni elki hawatapata harufu yao mapema, watasikia kelele kwanza. Elki wakisikia kelele chini hawakimbii ovyo. Wanajipanga nyuma ya jike mzee, wanapanda kimya kimya, na wakitaka kutoka Stoo kwenda upande wa kaskazini kwenye misonobari minene, hawana mlango mwingine isipokuwa ile Shingo, pale mlima ulipobonyea. Miaka yote hatukuweza kuwinda pale, kwa sababu tulikuwa wawili tu na hapakuwa na wa kuwatoa bondeni. Sasa umetuletea mji mzima wa kuwatoa, tena wanakuja kwa hiari yao na chakula chao wenyewe.

Anayetaka kuwa Shingoni alfajiri ile lazima alale juu, upande wa nyuma, usiku mbili kabla. Njia ya nyuma ni ndefu na inapita kijito mara kadhaa. Mizigo inabebwa na Askofu. Na Askofu, tuseme ukweli wake, havuki maji kwa mtu mwingine ila mimi.

Kuhusu mbwa. Niliandika kwamba siku ya mwisho ya kuomba imepita, na ilikuwa imepita. Sikuandika kwamba sikuomba. Niliomba siku ileile barua yako ilipofika, kabla sijavua aproni. Kibali kilikuja mwezi wa tano. Sikukuambia kwa sababu ya nyonga. Walinifanyia upasuaji vuli iliyopita, nilimkataza Marlys asiwaambie. Sikutaka uutegemee mguu ambao mimi mwenyewe siutegemei. Gunia hilo nilianza kulijaza kidogo kidogo. Sasa lina uzito wa paja la elki, au tuseme nusu yake, na ninalifikisha juu bila kukaa njiani. Nikikaa ni mara moja tu.

Kwa hiyo nakuja. Basi litafika Missoula wiki ya mwisho kabla ya msimu, njoo unipokee, njoo umeoga. Mguu ukikataa njiani nitakuambia, na tutageuka, na hutanung'unika. Umesikia?

Shangazi yako

*

Halden
9 Novemba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini basi lilikufikisha salama na yule mzee wa kiti cha mbele hakukuimbia mpaka Utah. Hapa wazima. Friza imejaa hadi Baba imembidi akae juu yake ndipo ifunge, na alipokaa aliguna, lakini mguno mpya, sijawahi kuusikia. Jana amepika maini na vitunguu, amechoma maini, amechoma vitunguu, tumekula vyote.

Mjini wananiuliza. Nimewasimulia, na nakiri kwamba katika masimulizi yangu theluji ni ndefu kidogo kuliko ilivyokuwa, na elki ni mkubwa kidogo. Lakini sikusema jike lilikuwa dume. Hiyo ujue nimejitahidi.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu sikukuuliza kituo cha basi.

Unakumbuka kijitoni ulishuka kwenye tandiko, ukaingia majini na viatu vyako, ukamwambia Askofu neno sikioni, naye akafuata kama mtoto wa kanisani. Nikakuona unachechemea, nikakaza kamba za mzigo. Kisha kwenye ule mteremko wa mawe ukakaa. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu nilijua utasema tugeuke, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa mtu asiyenung'unika. Ukasema, "Nipe mkanda wa begi lako nishike. Nivute, usinitazame." Nikakuvuta. Sikukutazama. Nilikuwa nalia kidogo, kwa hiyo ilitufaa wote.

Halafu ile Jumapili ya kufungua msimu. Baridi ya kung'oa meno, sisi wawili nyuma ya gogo na fulana zetu za wawindaji za rangi ya machungwa kama maboga mawili yaliyosahauliwa. Kule chini tochi zikaanza kutambaa kutoka getini, nikasikia farasi wa Delmar akipiga kelele, na Delmar akimzidi. Nikakunong'oneza kwamba hawatakuja. Ukasema, "Pumua polepole. Unapumua kama treni."

Wakaja. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikujua kwamba wanyama wakubwa vile wanaweza kupita kwenye theluji bila sauti. Jike mzee mbele, wengine nyuma yake, mvuke unawatoka puani. Nikageuka nione unalenga yupi, kwa sababu tulikubaliana wewe kwanza. Bunduki yako ilikuwa begani, tayari kupiga. Ilikaa pale, mlolongo wote ukipita mbele yako, hatua chache tu. Kisha ukaishusha ukailaza magotini, ukanigusa kiwiko. Nikapiga lile jike la mwisho, sijui nililengaje, mikono si yangu. Likaanguka palepale. Nilipogeuka kukuonyesha ulikuwa unatazama kule walikoingia wengine, machozi yanashuka, na unatabasamu. Nikajifanya natafuta kisu. Kisu kilikuwa mkononi.

Halafu wakatokea Delmar na shemeji yake, wamelowa jasho, hawajaona hata mkia, na kama desturi ilivyo, wakikuta watu wana nyama chini wanavua makoti wanasaidia. Delmar alibeba paja zima mpaka kwa Askofu bila kupumzika, lazima niseme. Akakuuliza tulijuaje watapita hapa. Ukamjibu, "Si nyinyi mliotuletea?" Nikadhani atakasirika. Akacheka mpaka akakaa kwenye theluji, na ulipompa nyama ya mgongo akavua kofia.

Kwa hiyo swali langu ni hilo. Kwa nini hukupiga? Kama ulinionea huruma kwa sababu sijawahi kupata, sema tu, nitavumilia. Kama ni mguu, kama ulikuwa unaumwa na hukusema, nitakuja huko nikugombeze kwa Kihispania.

Rollie

*

Tucson
27 Novemba 1986

Mwanangu Rollie,

Marahaba. Leo ni Sikukuu ya Shukrani, Marlys amechoma bata mzinga, na katikati ya meza niliweka ile nyama ya elki niliyokuja nayo kwenye barafu. Wajukuu walisema hawali mnyama wasiyemjua. Sasa bata mzinga amebaki peke yake. Mguu ulivimba, sasa umepoa, ila unadai haki yake. Mzee wa kwenye basi aliimba mpaka Idaho tu, nilimpa sandwichi.

Huruma hapana. Sina huruma na mtu aliyechora Stoo kwa shira.

Sikiliza. Orrin hakuwahi kubeba bunduki kule. Watu hawajui hilo, maana kila mwaka tulirudi na nyama na kila mtu akampa yeye mkono wa pongezi, naye akaupokea, kwa sababu kueleza kungemchosha. Mimi nilipiga, yeye alikaa kando na chupa ya kahawa, akitazama. Na kila mara, tukiwa tunakata nyama, alianza kunihadithia jinsi walivyokuja: nani alitangulia, nani alimpiga mwenzake pembe, ndama yupi alibaki nyuma akalia. Nami nilikuwa namwambia anyamaze ashike mguu wa mnyama. Maana mimi sikuwa nimeona kitu. Aliye nyuma ya bunduki anaona bega moja, basi, na lile bega halina wenzake.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshalenga jike la tatu. Halafu nikafikiri, huyu kijana yupo, nyama itapatikana. Nikashusha bunduki nikawatazama wote wakipita. Rollie, kumbe ni hivyo. Miaka yote ile alikuwa anaona hivyo, na mimi nikimwambia ashike mguu.

Mwaka ujao nitapiga, usifikiri nimestaafu. Marlys anajua kwamba mwezi wa nne narudi nyumbani Halden. Tumelia, tumekubaliana, atakuja na watoto likizo. Kwa hiyo fungua madirisha kule kwangu theluji ikianza kuyeyuka, na uwashe jiko siku chache kabla, kuta zipate moto.

Na ukiwa umekaa na Baba yako jioni, mhadithie ile asubuhi tangu mwanzo, wote walivyokuja, mmoja mmoja. Usiruke hata ndama. Akiguna, endelea.

Shangazi yako,
Ardis